Kabla ya kununua kompyuta ya kusomea mtandaoni, omba saa zako nyumbani

Wengi wanaonitafuta kuniuliza habari za kusoma mtandaoni huanza na vifaa: ninunue kompyuta gani, mtandao upi una kasi, bando la kiasi gani litatosha mwezi mzima. Ni maswali ya haki. Ila mimi huwarudishia swali moja: nyumbani kwenu nani anajua kwamba unasoma, na ni saa ngapi?

Nilisoma shahada yangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku nikifanya kazi, na siku hizi nawasaidia wengine wanaopita njia hiyo hiyo. Wengi niliowaona wakiacha katikati masomo hayakuwa yamewashinda, muda ndio uliowakosesha. Anayetoka asubuhi kwenda chuoni kila mtu anamwona ametoka, hakuna wa kumtuma dukani. Anayesomea kwenye simu sebuleni anaonekana anachati. Mama atamwita akamenye vitunguu, mdogo wake ataomba simu acheze gemu, jirani atapita kupiga stori, na wote hao hawana nia mbaya.

Kwa hiyo kaa nao chini mapema, kabla hata ya kulipa ada. Sema wazi: "Mama, naomba Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku mpaka saa nne, nisitumwe. Vyombo nitaosha kabla ya hapo." Usiombe "muda wa kusoma" kwa ujumla, maana hakuna atakayejua unaanza lini na unaisha lini. Taja siku, taja saa, na useme utafanya nini kufidia. Mpe pia mzee wa nyumba heshima yake kwa kumweleza unasomea nini na utamaliza mwaka gani. Akishajua, yeye ndiye atakayewanyamazisha watoto.

Kina mama wenye familia jambo hili linawabana zaidi, na inaniuma kuona linavyochukuliwa kirahisi. Mke anayesoma shahada anategemewa apike, alaze watoto, kisha ndipo afungue somo saa tano usiku akiwa amechoka kabisa. Mume anayesema anamuunga mkono mkewe na achukue kazi moja ya jioni iwe yake moja kwa moja, kila siku, bila kukumbushwa. Kulipa ada peke yake hakutoshi.

Ukishapata saa zako, zitumie kufanya kazi. Video ya mhadhara inadanganya: mhadhiri anaeleza vizuri, unatikisa kichwa, unaona umeelewa. Isimamishe kila baada ya dakika kumi, uandike kwa mkono kwenye daftari alichosema, bila kuangalia. Ukikwama, umeona palipo na pengo. Rudi hapo.

Na pengo likikataa kuziba, uliza. Nimekuwa nikisoma maswali ya wanafunzi kwenye magrupu ya WhatsApp, na mara nyingi swali lenyewe ndilo linalokosesha jibu. "Jamani mada ya 4 sijaelewa" halina wa kulijibu. Linganisha na hili la uchakavu, yaani thamani ambayo mali inapoteza kila mwaka: "Gari limenunuliwa milioni 12, litatumika miaka 5, mwishoni litauzwa milioni 2. Mimi nimepata uchakavu wa milioni 2.4 kwa mwaka, kitabu kinasema milioni 2. Nimekosea wapi?" Swali hilo litajibiwa na yeyote aliyesoma uhasibu, kwa mstari mmoja: toa kwanza milioni 2 za mwisho, kisha gawanya milioni 10 kwa miaka 5. Muulizaji ameonyesha hesabu yake, ndiyo maana kosa limeonekana.

Grupu lenyewe liwe dogo. Watu wanne au watano wa kozi moja, mnaopigiana simu mtu akipotea wiki nzima, wanafaa kuliko grupu la watu mia mbili linalojaa salamu za asubuhi na matangazo ya biashara. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani. Kama chuo chako nacho kina kituo jirani, nenda hata kama hakuna anayekulazimisha. Hapo ndipo utakutana na mtu anayesoma kozi yako na kuishi mtaa wa pili.

Kuhusu intaneti nitasema machache. Pakua maandishi na video siku unapokuwa na mtandao mzuri, usitegemee kufungua kila kitu siku ya kukihitaji. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Aliyekuwa na masomo yake kwenye simu aliendelea kusoma. Tuma kazi siku mbili kabla ya mwisho, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha imepokelewa. Umeme nao una siku zake, kwa hiyo chaji kompyuta kila inapowezekana.

Halafu kuna nyakati maisha yanazidi: msiba, uzazi, kazi inayokuhamisha mkoa. Watu wengi hapo hunyamaza tu, wanaacha kuingia kwenye mfumo, na wakirudi wanakuta matokeo yana sufuri tupu na ada inadaiwa. Usinyamaze. Vyuo huwa na utaratibu wa kuahirisha masomo. Andika barua mapema kabla mitihani haijafika, eleza sababu, ambatanisha uthibitisho ulio nao, na uombe jibu la maandishi. Jibu hilo lihifadhi kwenye barua pepe, na nakala moja ya karatasi iweke pamoja na vyeti vyako. Siku ya kurudi ndilo litakaloombwa ofisini.