Kabla hamjabishana, hakikisheni mnasikia kitu kimoja

Mkikutana Jumapili jioni kusikiliza jazi, iwe Njiro kule Arusha au Rau kule Moshi, anzeni kwa kuulizana: hii santuri ni toleo gani? Watu wawili wanaweza kubishana saa nzima juu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, mmoja anadai noti ziko juu, mwingine anakataa, na wote wakawa sahihi. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959 kwa mashine ya mkanda iliyokuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Mkanda wa namna hiyo ukipigwa kwa mwendo wa kawaida unakimbia, na sauti zote zinapanda kidogo. Kosa hilo lilidumu hadi toleo la 1992, ulipotumika mkanda wa akiba wenye mwendo sahihi. Mpiga gitaa anayetaka kufuatiza "So What", mmojawapo wa nyimbo hizo, kwenye toleo la zamani atakaza na kulegeza nyuzi mpaka achoke.

Kwetu huku kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni umeme. Mashine ya santuri ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120 na hezi 60, yaani umeme unaotetema mara 60 kwa sekunde. Utauziwa transfoma ya kushusha volti 230 zetu, taa itawaka, utadhani umemaliza. Transfoma inashusha volti tu. Hezi zinabaki 50. Kama mota inafuata hezi za umeme, na nyingi za zamani ndivyo zilivyo, sahani itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. "So What" ya dakika 9 na sekunde 22 itakwenda zaidi ya dakika 11, na domo la bata, yaani saksafoni, la John Coltrane litakuwa zito kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko. Dakika 3 zinatakiwa kutoa mizunguko 100. Ukipata 83, ujue ni hezi. Tafuta puli ya mota ya hezi 50, au fundi wa kuchonga akuchongee yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 20. Ukipata 97, angalia mkanda wa mpira kama umelegea, au grisi kama imeganda. Asubuhi za Julai pale Moshi, iache mashine izunguke dakika 10 ndipo upime tena.

Sindano nayo ina mambo yake. Kichwa cha sumaku kwa kawaida kinataka uzito wa gramu 1.5 hadi 2, lakini fuata karatasi yake. Wengi wanapunguza uzito wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua. Sarafu juu ya kichwa pia hapana. Na zile santuri za babu za mizunguko 78 zinataka sindano yake nene, kama mikroni 76 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya kawaida ni nyembamba mno, itatambaa chini kabisa ya mfereji na kukuletea makelele matupu.

Vumbi la kiangazi la Arusha lisafishwe kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata duara la mifereji. Ukinunua maji hayo kwa wauza betri, soma chupa vizuri, usije ukapewa tindikali. Spirit usiiguse kabisa kwenye santuri za 78: inayeyusha santuri yenyewe.

Anayeshirikisha wenzake kwa simu atume faili kama dokumenti. Ukiirekodi kwenye ujumbe wa sauti, umewapa maganda. Katika "So What" wimbo wenyewe unabebwa na besi ya Paul Chambers. Yeye anauliza, wengine wanamjibu. Spika ya simu haina besi, kwa hiyo msikilizaji anapata majibu bila swali, halafu anasema jazi haieleweki.

Mgeni akija na Tabora Jazz au Western Jazz, mpokeeni vizuri. Hizo ni bendi za dansi zilizobeba jina, lakini aliyezoea kusubiri chemko, pale wimbo unapochangamka, ana masikio tayari.

Kikao chenyewe kiwe cha watu wanne, kila mmoja upande mmoja wa santuri, kama dakika 20, bila kuongea. Maoni yaje baadaye, na yawe na dakika: "pale dakika ya nne ngoma ziliponyamaza." "Ni kali sana" haimsaidii mtu.

A Love Supreme ya Coltrane, iliyorekodiwa 9 Desemba 1964, wekeni mwisho. Sehemu ya nne, "Psalm", ni shairi lake mwenyewe lililochapishwa ndani ya jalada, na analipuliza silabi kwa silabi. Nakilini shairi hilo kwa Kiingereza chake, kwa sababu tafsiri itavunja mizani, kila mtu awe na karatasi. Fuateni kwa kidole kimyakimya. Mara ya kwanza mtapotea katikati, rudisheni sindano.