Niliijua Kamurocho, Sikuijua Kabukicho: Ushauri kwa Anayetaka Kuifuata Gemu Hadi Japani

Juma lililopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe ulioanza kwa "Shikamoo kaka" na kuishia kwa orodha ya maeneo kumi na manne ambayo angependa kuyaona Japani kwa siku tano. Yote kumi na manne yametoka katika mfululizo wa gemu za Ryu ga Gotoku, ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la Yakuza na ambao tangu 2022 unauzwa nje ya Japani kwa jina la Like a Dragon. Aliniuliza mambo mawili: kama safari hiyo inawezekana kwa siku hizo, na kama mtaa wa Kabukicho ni kama ulivyo kwenye gemu. Swali la kwanza nililijibu palepale kwamba haiwezekani. La pili limenikalia kooni wiki nzima, kwa sababu siwezi kulijibu kwa ukweli bila kutaja yeni 62,000 ambazo hadi leo ni mtu mmoja tu anayejua nilivyozipoteza.

Nianzie mbali kidogo, na mtanivumilia. Nilikutana na gemu hii katika banda moja la Magomeni nikiwa kidato cha pili, wakati wenzangu wote walilipia nusu saa ili wacheze mpira. Mimi nililipia nusu saa ili nisome. Mwenye banda alinichukia kwa haki, maana nilikalia televisheni nikitazama wanaume waliovaa suti wakizungumza dakika kumi bila mtu kupigwa ngumi, na wateja wake wakiondoka. Memori kadi yangu, kile kidude kinachohifadhi ulipofikia kwenye gemu, niliitunza ndani ya kiberiti kitupu, nikaibeba mfukoni kwenda na kurudi shuleni, na siku mama alipotaka kuwashia jiko la mkaa akafungua kiberiti hicho, alidhani ni kifaa cha wizi.

Gemu ya kwanza ilitolewa na Sega nchini Japani mwezi Desemba 2005, chini ya usimamizi wa Toshihiro Nagoshi. Mtaa wake unaitwa Kamurocho, jina la kubuni, lakini Mjapani yeyote anayeutazama anajua kwamba ni Kabukicho, mtaa wa starehe ulioko wilaya ya Shinjuku jijini Tokyo. Kiryu Kazuma, shujaa wa gemu, anatoka gerezani baada ya miaka kumi, anarudi chini ya lango jekundu la chuma lenye taa, na anakuta mtaa wake umempita. Mimi nililipita lango lile mara nyingi kuliko nilivyolipita lango la shule yangu. Niliweza kukwambia, bila kutazama ramani, kona ipi inakupeleka kwenye uwanja wa sinema na kichochoro kipi kinatokea kwenye vibaa vidogo vya upande wa mashariki. Miaka ilipita, gemu ziliongezeka, nikaanza kazi ya kutoa magari bandarini, na mwaka jana mwezi Novemba kazi hiyohiyo ikanipa sababu ya kwenda Yokohama. Habari za viza nitaziruka, kwa sababu hazina utamu wowote na kila mmoja atazipitia mwenyewe.

Yokohama anaishi kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwa miaka tisa sasa anashinda kwenye minada ya magari yaliyotumika, yale mnayoyaona barabara ya Morogoro yakiwa bado na maandishi ya Kijapani kwenye stika ya kioo. Siku ya mapumziko nilimwambia ninakwenda Shinjuku. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Mdogo wangu, usimfuate mtu yeyote anayekuita." Nilicheka, nikamwambia mtaa huo ninaujua.

Treni ya moja kwa moja kutoka Yokohama hadi Shinjuku ni ya mwendo wa kama nusu saa, na hapo ndipo fedheha yangu ya kwanza ilipoanza, kwa sababu katika gemu hakuna stesheni. Stesheni ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya mia mbili, na inapitiwa na abiria wapatao milioni tatu kwa siku. Nilizunguka chini ya ardhi dakika arobaini nikifuata mishale, nikatokea upande wa magharibi, kwenye maghorofa ya ofisi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: fuata maandishi ya East Exit, yaani mlango wa kutokea wa mashariki, tangu unaposhuka kwenye treni, na usiyaondolee macho hadi uone anga.

Kutoka hapo ni dakika chache kwa miguu. Unaifikia barabara kubwa ya Yasukuni, ambayo kwenye gemu inaitwa Showa, unaliona duka la Don Quijote, ambalo limo ndani ya gemu kwa jina lake halisi, na ng'ambo ya barabara unaliona lango jekundu. Maandishi yake si yale ya kwenye gemu, kwa sababu la kweli limeandikwa Kabukicho Ichibangai, lakini wekundu ni uleule na mkunjo ni uleule. Nilisimama kwenye kivuko, taa ya kijani ikawaka, watu wakavuka, ikawa nyekundu, ikawaka tena. Sikuvuka hadi mara ya tatu. Sina aibu kusema kwamba macho yalilowa, na asiyewahi kubeba memori kadi ndani ya kiberiti hana haki ya kunicheka.

Saa mbili zilizofuata zilikuwa za ushindi mtupu. Niliweka simu mfukoni nikatembea kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haikuniangusha. Mnara wa Millennium unaosimama katikati ya Kamurocho usiutafute, kwa kuwa ni wa kubuni. Utakachokiona ni jengo la Toho lenye kichwa cha Godzilla kikichungulia juu ya paa, lililofunguliwa 2015 mahali palipokuwa na ukumbi wa Koma uliofungwa 2008. Jirani yake uko mnara wa Tokyu Kabukicho, wa mita 225, uliofunguliwa Aprili 2023, kwa hiyo mtaa wa kweli umeipata minara yake kwa kuchelewa, baada ya gemu. Hata jina la mtaa lina kichekesho chake: baada ya vita palipangwa kujengwa ukumbi wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, ukumbi haukujengwa, jina likabaki. Na ofisi ya serikali ya wilaya nzima ya Shinjuku imo humohumo ndani ya mtaa, mita chache kutoka kwenye baa. Hayo yote nilimweleza kwa sauti mtalii mmoja ambaye hakuniuliza.

Upande wa mashariki kuna Golden Gai, ambayo kwenye gemu inaitwa Champion. Ni vichochoro vya upana wa mabega mawili, vyenye vibaa zaidi ya mia mbili, vingi visivyotosha watu kumi. Nilitoa simu nipige picha ya ngazi moja nyembamba ya mbao. Mama wa makamo aliyekuwa akifagia kizingiti cha baa yake aliacha ufagio, akakunja mikono miwili mbele ya kifua kama alama ya kuzidisha, akabaki hivyo bila neno hadi niliporudisha simu mfukoni. Kisha akaendelea kufagia. Katika gemu unaingia mlango wowote unaofunguka na unapiga picha unavyotaka. Pale ni mlangoni kwa mtu. Kibao cha kukataza picha kilikuwa juu ya kichwa changu, nami sikukiona kwa sababu kwenye Kamurocho yangu hakikuwapo.

Ningerudi Yokohama saa hiyo, makala hii ingekuwa na furaha tupu. Lakini nilitaka kuziona taa usiku.

Kabukicho usiku ina vipaza sauti vinavyotangaza, kwa Kijapani na kwa Kiingereza, kwamba usiwafuate wapiga debe wa baa kwa kuwa utatozwa pesa nyingi. Nilifurahi kusikia tangazo lile kiasi kwamba nililirekodi. Video hiyo bado ninayo, ina dakika moja na sekunde kumi na mbili, na katika sekunde za mwisho, kipaza sauti kikiwa bado kinaonya, vinaingia viatu vyeusi vilivyochongoka upande wa kushoto wa picha. Mwenye viatu alinisalimia kwa Kiingereza kizuri, akaniuliza kama napenda gemu (nilikuwa nimevaa fulana yenye joka la mgongoni mwa Kiryu, hivyo hakuhitaji kuagua), akaniambia kuna baa ambayo wenye gemu waliiiga, yeni 3,000 kwa saa nzima. Mimi niliyeijua Kamurocho kwa vidole nikamfuata.

Lifti ilikuwa ya watu watatu. Ghorofa ya nne, kochi jekundu, kisahani cha karanga ambacho sikukiagiza, chai baridi ya oolong mara mbili, na dada mmoja aliyeketi kando yangu akaletewa glasi tatu ambazo pia sikuziagiza. Bili ilikuja kwenye kijitabu cha ngozi: yeni 62,000, yaani kama shilingi milioni moja kwa viwango vya siku ile. Kulikuwa na ada ya kiti, ada ya huduma, ada ya usiku, na nyingine iliyoandikwa kwa Kijapani pekee. Wanaume wawili walisimama karibu na lifti bila kunitisha, wakitazama tu sakafu. Nikatoa kadi.

Katika Yakuza 0, gemu ya 2015 inayosimulia Desemba 1988, kila unapompiga mtu, noti zinamruka mwilini na zinakuwa zako. Usiku ule noti ziliruka kutoka kwangu. Kwa hiyo wewe unayenisoma na unayejiona umeujua mtaa kwa sababu umeukimbia miaka kumi kwa pedi ya gemu, nisikilize: usimfuate mtu anayekuita barabarani. Kama hukumtafuta wewe, usimfuate. Kama anaongea Kiingereza kizuri na anajua unachokipenda, ndiyo kabisa usimfuate. Uliza bei kabla hujaketi, uliza na ada ya kiti, na kama hakuna bei iliyoandikwa, shuka kwa ngazi. Sisi vijana wa gemu tuna kiburi cha ajabu; tunadhani kuijua ramani ni kuwa mwenyeji. Kiryu mwenyewe ni mwenyeji, na bado anapigwa na mtaa wake kila sehemu ya hadithi. Wewe ni nani?

Osaka nilikwenda siku mbili baadaye nikiwa na adabu zaidi. Usinunue pasi ya treni ya nchi nzima kwa safari ya miji miwili. Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na tiketi za kawaida zitakutosha. Dotonbori, ambayo kwenye gemu ni Sotenbori ya Majima Goro, mhusika mwingine mkubwa, ni mfereji uliokamilika 1615, na kando yake kuna mkimbiaji wa Glico, bango la taa la kampuni ya peremende, na kaa mkubwa wa bandia anayechezesha miguu juu ya mgahawa. Samaki bunju wa bandia aliyekuwa akining'inia mbele ya mgahawa wa Zuboraya hayupo tena, kwa kuwa mgahawa ulifungwa 2020, na nilijikuta nikimtafuta angani kama mtu anayetafuta mnazi uliokatwa. Nilikula takoyaki, vibumbu vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, nikaunguza ulimi. Sisi watu wa pwani tunaoamini kwamba pweza ni supu tunapaswa kunyamaza kidogo.

Kama una siku moja tu ya ziada, usiende popote pengine ila Onomichi, mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Hiroshima uliomo kwenye gemu ya sita. Una ngazi, paka, hekalu la Senkoji juu ya kilima, na kivuko cha dakika tano kwenda kisiwa cha Mukaishima. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeniuliza ninapenda nini.

Lakini nirudi kwenye usiku ule wa Kabukicho. Nilifika Yokohama kwa treni ya mwisho, kaka akiwa macho. Hakuuliza kiasi, aliuliza tu, "Ulikula?" kisha akanipashia wali. Asubuhi alinipeleka Isezakicho, mtaa anaokaa, ambao wenye gemu waliufanya Ijincho katika gemu ya 2020, na kwa miaka tisa hakuwahi kujua. Tuliketi kwenye benchi la barabara ya waenda kwa miguu, nikamfungulia video ya gemu kwenye simu, naye akaitazama kimya, akisogeza picha nyuma kila inapopita kona fulani. Nilidhani amevutiwa kama mimi.

"Mbona kinyozi wangu hayumo?" akauliza.

Akasimama, akanionyesha kibanda chenye mlango wa bluu baina ya maduka mawili. Akaingia kumsalimia, nami nikabaki nje na simu mkononi, nikiitafuta kona hiyo kwenye video kwa mara ya nne.