Ile video ya mtu wa chemba: jibu langu kutoka Pune, India

Mama Mdogo, shikamoo. Na wengine wote wa kundi la ukoo, habari za siku.

Jumapili ilipita humu video ya mwanamume wa Kihindi akitolewa kwenye chemba ya maji taka, mwili mzima umetapakaa uchafu, kinachoonekana ni macho tu. Mkacheka. Mmoja akaandika kumbe hata Mhindi anatapisha choo, mwingine akauliza wale Wahindi wenye maduka ya Upanga, Dar, walitoka India ipi. Mama Mdogo ndiye pekee aliyeniuliza kwa upole kama ni kweli, na kama bado namshauri Hamisi aje kusoma huku. Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikasirika, na sikutaka kuwajibu wakubwa zangu nikiwa na hasira.

Ni kweli. Shemeji wa mtu ninayeonana naye kila asubuhi alifia kwenye shimo kama hilo.

Mtu huyo tunamwita Maushi. Kwa Kimarathi, lugha ya hapa, maana yake ni dada wa mama, yaani ni mama mdogo kama wewe. Saa mbili na nusu asubuhi anafika na mkokoteni wake, anapanda ghorofa zote sita akigonga mlango kwa mlango kuchukua taka. Yumo katika ushirika wa wazoa taka wa mji huu. Walio wengi ni wanawake, na wengi wao ni Wadalit, watu ambao kwa karne nyingi waliitwa wasioguswa. Chama chao kilianza mwaka 1993. Kabla ya hapo walichakura majalala huku wakifukuzwa kama wezi. Sasa wana vitambulisho, na kila nyumba inawalipa kidogo kwa mwezi. Maushi anachambua kwa mikono, taka mbichi huku, kavu kule. Mpaka leo anatuomba tuzifunge pedi kwenye gazeti kabla ya kuzitupa, na wapo wanaozitupa wazi vilevile, wakijua fika ni mkono wa nani utakaozishika.

Mwezi wangu wa kwanza kwenye jengo hili ulikuwa Mei, na jua la Mei hapa si la kuchezea. Akaniomba maji. Nikampa kwenye bilauri yangu, nikamvutia stuli. Akakaa chini, kando ya stuli. Maji akayamimina kinywani kwa juu bila midomo kugusa bilauri. Nikajiambia ni desturi yao, maana Wahindi wengi hunywa hivyo, hata wenye fedha zao. Jioni jirani yangu wa mlango wa pili akaniita. Huyu ni mama mwema kweli. Nilipougua dengi ndiye aliyeniletea chakula wiki nzima. Akanionyesha bilauri ya chuma iliyowekwa peke yake nje, juu ya kabati la viatu. "Maushi tunampa hii," akaniambia. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni swichi ya taa ilipo.

Umaskini tunaujua, Mama Mdogo, hatukuzaliwa Masaki. Nilichokuwa sikijui ni mtoto kuzaliwa na ufagio wake tayari unamngoja mlangoni. Dar wapo wanaotapisha vyoo, tunawaita vyura, na wakipita tunaziba pua. Lakini mtoto wa chura akisoma akawa mwalimu, nani atamuuliza babu yake alifanya kazi gani? Hapa mara nyingi jina la ukoo linatosha. Ukijaza fomu tu, wameshajua. Na sisemi sisi ni watakatifu. Yule dada wa kazi wetu pale Chumbageni alikuwa na kikombe chake cha bati, na mimi mtoto nilikatazwa kukinywea. Siku ile ya bilauri ya chuma nilikikumbuka mpaka na pale kilipobonyea.

Sasa kuhusu chemba. Huyo shemeji wa Maushi alikuwa kibarua. Mkandarasi mmoja alimwita kuzibua tangi la maji taka la jengo la watu wenye uwezo, bila barakoa wala kamba. Humo ndani kuna hewa ya sumu. Anayetangulia anaivuta na kuzimia, mwenzake anaruka kumwokoa, naye anabaki humo humo. Ndivyo wanavyokufa siku zote, wawili wawili, watatu watatu. Kuwaingiza watu hivyo kumepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2013, na kabla yake ilikuwapo ya 1993 iliyokataza kuzoa kinyesi vyooni kwa mikono. Mahakama ya Juu iliamuru mwaka 2014 familia za wanaofia kwenye chemba zilipwe rupia 1,000,000, na mwaka 2023 ikapandisha hadi 3,000,000. Familia ya Maushi mpaka leo inazungushwa, kwa sababu mkandarasi anasema hamjui marehemu. Hakuna karatasi inayoonyesha alikuwa kazini.

Yuko mtu anaitwa Bezwada Wilson, mtoto wa jamii hiyo hiyo ya wazoa kinyesi kutoka Kolar, ambaye ameutumia umri wake kupigania kazi hii ikomeshwe. Yeye na wenzake walifika mahali wakawa wanavibomoa kwa mikono yao vile vyoo visivyo na maji, ambavyo kinyesi chake huzolewa kwa mikono. Mwaka 2016 alipewa Magsaysay, tuzo kubwa ya bara la Asia. Mkitaka video ya kutuma, mtafuteni huyo.

Mtaniuliza kama Katiba yao inasemaje. Inakataza. Kifungu cha 17 kilifuta habari ya wasioguswa tangu Januari 1950, na aliyeongoza kamati ya kuiandika Katiba hiyo, Bhimrao Ambedkar, alikuwa wa Wamahar, mmoja wa haohao wasioguswa. Shuleni alikalia gunia alilokuja nalo kutoka nyumbani, na bomba hakuruhusiwa kuligusa. Tarishi asipokuwepo wa kumfungulia, alishinda na kiu. Mwaka 1927 aliwaongoza watu wake mpaka Mahad, wakanywa maji ya bwawa la mji waliokuwa wakikatazwa. Mwaka 1956, wiki chache kabla ya kufa, aliuacha Uhindu akawa Mbudha pamoja na laki kadhaa za watu.

Haya sikuyasoma kwanza vitabuni. Nilihadithiwa na binti wa Maushi tarehe 14 Aprili, siku ya kuzaliwa Ambedkar, waliponialika kwao. Mtaa mzima ulikuwa bendera za buluu na ngoma. Chumba chao ni kimoja. Ukutani kuna Budha, na pembeni yake Ambedkar ndani ya suti ya buluu, Katiba mkononi. Binti anasoma uuguzi kwa nafasi zile zinazotengwa, maana serikali huwatengea Wadalit sehemu ya nafasi za vyuo. Akaniambia siku ya kwanza chuoni wenzake walimuuliza alipata alama ngapi, na swali halikuwa la alama.

Maushi akaleta mikate ya mtama na mchuzi wa dengu. Kisha akachukua bilauri, akaiosha mbele yangu, akaijaza maji, akaiweka miguuni pangu. Hakuondoka. Binti naye akaacha kuongea. Nikajua kinachongojwa. Nikaitia bilauri mdomoni, nikanywa mpaka mwisho, nikaomba nyingine. Maushi akacheka, akafunika uso na ncha ya sari, na ndipo akakaa kula.

Wa Upanga ni hivi: waliokuja kwetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch. Tuliwaona wenye duka tukadhani India yote ni duka. Na hata hapo kwetu wapo wasio na kitu, ni vile hatuwaangalii.

Hamisi aje. Lakini aje akijua. Mwisho wa Januari 2016, Bengaluru, msichana wetu wa Kitanzania alishushwa kwenye gari akapigwa na kundi la watu kwa kosa la Mwafrika mwingine asiyemjua. Hofu hiyo ninatembea nayo hadi leo. Chumba atatafuta sana. Mimi nilikataliwa nyumba tano, na swali la kwanza lilikuwa kama ninakula nyama. Wakilisikia jina langu, mengine hayahitaji kusemwa. Waislamu na Wadalit wa hapa hapa wanaulizwa hivyo hivyo.

Na chuo anachokitaka kina jina la Savitribai Phule. Mwambieni asome huyo mama alikuwa nani. Mwaka 1848, hapa Pune, yeye na mumewe Jyotirao walifungua shule ya wasichana, na wanasimulia kwamba alibeba sari ya akiba kwa sababu njiani alirushiwa matope na mavi ya ng'ombe. Tauni ilipoingia aliwauguza wagonjwa ambao wengine waliogopa kuwashika, ikamwambukiza, akafa mwaka 1897. Mji wa bilauri ya kabati la viatu ndio huo huo uliomtoa yeye. Mimi nimeshindwa kuuchukia.

Kuna chumba kinaachwa wazi mwezi ujao ghorofa ya pili. Mwenye nyumba ameniuliza kama huyo kijana anakula nyama. Nimemwambia anakula. Amesema atanijibu Ijumaa.