Ongeza rekodi, usihamishe nemseva: domeini moja kwenye seva tofauti

Anayeanza kazi za tovuti ofisini hupewa mapema kibarua cha aina hii: "Tovuti ya mteja iko kwenye hostingi yake ya zamani, iache palepale. Mfumo mpya tumeuweka kwenye VPS. Tengeneza subdomeini iende huko." (VPS ni seva pepe ya kukodi; subdomeini ni jina linalotangulia domeini, kama app kwenye app.mfano.co.tz.) Ni kazi ya dakika chache ukijua unachogusa. Usipojua, kesho yake asubuhi mhasibu wa mteja atapiga simu kuuliza mbona barua pepe haziingii tangu jana.

Chanzo cha simu hiyo mara nyingi ni kimoja: mtu amebadilisha nemseva (seva zinazojibu maswali kuhusu majina ya domeini) za domeini nzima, wakati alitakiwa kuongeza rekodi moja tu. Seva mpya imempa nemseva zake, naye akadhani hizo ndizo za kuweka. Akaziweka. Subdomeini ikafanya kazi kweli, lakini rekodi nyingine zote zilizokuwa kwenye zoni ya zamani (orodha ya rekodi za domeini), za barua pepe na za uthibitisho wa huduma mbalimbali, hakuna anayeziona tena.

Vitenganishe kichwani vitu vitatu: usajili wa domeini, zoni ya DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani za IP) na seva yenyewe. Kampuni za hostingi huviuza kwa furushi moja, ndiyo maana wengi huviona kitu kimoja. Nemseva ni kama mjumbe wa nyumba kumi: hakai kwako, kazi yake ni kumwelekeza mgeni anayeuliza fulani anaishi wapi. Hakuna kanuni inayosema kila anayeelekezwa aishi nyumba moja. Kila jina lina rekodi yake, na kila rekodi inaweza kuonyesha seva yake. Tovuti kuu ikae kwenye hostingi ya pamoja Dar es Salaam, mfumo ukae kwenye VPS Frankfurt, barua pepe ziwe Google. Vyote chini ya domeini moja, bila kugusa nemseva hata kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua paneli yoyote, uliza nani anajibu. Tuseme domeini ni mfano.co.tz. Kwenye Linux au Mac andika dig +short NS mfano.co.tz; kwenye Windows, nslookup -type=ns mfano.co.tz. Majina yatakayotoka ndiyo yanakuonyesha paneli ya kwenda. Yakiwa ya Cloudflare, nenda Cloudflare. Hili halina mjadala, maana cPanel, paneli ya kusimamia hostingi, itakufungulia ukurasa wa kuhariri zoni hata kama zoni hiyo haiulizwi na mtu yeyote duniani. Utaongeza rekodi, utahifadhi, utapata ujumbe wa kijani kwamba mambo yamekwenda vizuri, kisha utakaa mchana kutwa ukisubiri kitu ambacho hakiji.

Rekodi yenyewe ni rahisi. Jina: app. Aina: A. Thamani: anwani ya IP ya VPS, tuseme 198.51.100.25. Kwenye sehemu ya jina andika app peke yake. Paneli nyingine huongeza domeini zenyewe, na ukiandika jina zima bila nukta mwishoni unaweza kuishia na app.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Na usiharakishe kulifungua jina hilo kwenye kivinjari kabla hujaunda rekodi. Jibu la "jina hili halipo" nalo huhifadhiwa na seva za DNS za mtoa huduma wako wa intaneti kwa muda, na utaendelea kupewa jibu hilo hata baada ya rekodi kuwepo. Jirani ataona tovuti kwenye simu yake, wewe huoni, na utaanza kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Ukitaka ukweli, iulize nemseva yenyewe moja kwa moja: dig @jina-la-nemseva app.mfano.co.tz.

Ukiwa unahamisha jina lililokuwepo tayari, angalia pia kama lina rekodi ya AAAA, ile ya IPv6. Ukibadilisha A na kuisahau AAAA, wenye IPv6 watabaki seva ya zamani, wengine wataona mpya, na utapokea malalamiko yasiyofanana.

Huduma kama GitHub Pages au Netlify hukupa jina badala ya IP; hapo subdomeini inatumia CNAME, rekodi inayoelekeza jina kwenye jina lingine. Ila CNAME haiwekwi kwenye domeini kuu yenyewe, kwa sababu jina lenye CNAME haliruhusiwi kuwa na rekodi nyingine, na domeini kuu lazima iwe na SOA (taarifa za zoni) na NS (nemseva zake). Utaratibu huo upo tangu hati za DNS za mwaka 1987. Watoa huduma wa DNS wengine wameweka njia yao ya kuuzunguka, kwa majina kama ALIAS au ANAME. Kama wako hana, tumia A.

Mpaka hapo DNS imemaliza kazi yake, lakini seva bado hailijui jina hilo. Kivinjari kikifika kwenye VPS hutaja jina la tovuti kinayoitaka, na programu inayotoa tovuti kwenye seva lazima iwe nalo: Nginx kwenye server_name, au Apache kwenye ServerName. Bila hivyo utapata ukurasa wa kukaribisha wa seva, au tovuti ya mteja mwingine aliye kwenye mashine hiyohiyo, jambo ambalo ni aibu kumweleza mteja. Unaweza kujaribu yote haya kabla ya kugusa DNS: weka IP mpya na jina hilo kwenye faili la hosts la kompyuta yako (ambalo husomwa kabla ya kuuliza DNS), fungua kivinjari, hakikisha, kisha ondoa mstari ule. Usisahau kuuondoa.

Cheti cha SSL, kile cha https, nacho hakirithiwi kutoka seva kuu. VPS itaomba chake, na ukitumia Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, kwa njia ya kawaida ya HTTP, jina liwe tayari linaelekea kwenye VPS na mlango wa 80 uwe wazi. Anayeomba cheti kabla rekodi haijaanza kujibu hukataliwa, na akirudiarudia hufungiwa kwa muda.

Kuhusu ule msemo wa "subiri saa 48": wengi huusema kama dua. Kwa rekodi mpya kabisa kwa kawaida hakuna sababu ya kusubiri hivyo. Saa 48 zina maana ukibadilisha nemseva za domeini ya .com, ambako taarifa hizo hutolewa na TTL (muda ambao jibu huhifadhiwa) ya sekunde 172800. Kwa kubadilisha rekodi ya A, unachosubiri ni TTL ya rekodi ya zamani. Kama ni 14400, ni saa nne. Ishushe iwe 300, subiri zile saa nne zipite ndipo ubadilishe IP. Kuishusha dakika ileile unapohama hakusaidii kitu. Waliokwisha kuihifadhi wanayo ile ya zamani.

Sasa barua pepe, na hapa usiwe na haraka. Mara nyingine mteja anataka kinyume: tovuti kuu ihamie seva mpya, barua pepe zibaki hostingi ya zamani. Wengi hubadilisha rekodi ya A ya domeini kuu wakiamini MX, rekodi inayotaja seva ya kupokea barua pepe, hawajaigusa. Hawajaigusa kweli, lakini isome inasema nini. Zoni nyingi zilizotengenezwa na cPanel zina MX inayoelekea mfano.co.tz yenyewe. Ukihamisha A ya jina hilo, umehamisha na barua pepe. Dawa ni kuunda mail.mfano.co.tz yenye rekodi ya A ya seva ya zamani, kisha kuielekeza MX huko, halafu ndipo uguse domeini kuu. Utakuta pengine mail ipo tayari kama CNAME ya domeini kuu. Ifute kwanza, kwa sababu itaifuata domeini kuu hadi seva mpya, na MX hairuhusiwi kuelekea kwenye CNAME.

Hujamaliza. Kama seva mpya nayo ina cPanel, nenda kwenye mpangilio wa njia ya barua uweke kwamba barua za domeini hii ziko seva ya nje. Usipofanya hivyo, fomu ya mawasiliano ya tovuti itatuma ujumbe kwa info@mfano.co.tz na seva itaupeleka kwenye sanduku lake la ndani ambalo halifunguliwi na mtu. Hakuna hitilafu itakayoonekana popote. Kisha ongeza IP ya seva mpya kwenye SPF iliyopo (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeini), ndani ya mstari uleule. Domeini yenye rekodi mbili za SPF huhesabiwa kuwa na kosa.

Mnaoandika mifumo, angalieni kuki, yaani taarifa ndogo ambazo kivinjari huzihifadhi na kuzirudisha kwa tovuti. Kuki iliyotolewa kwa domeini nzima hutumwa kwenye kila subdomeini, pamoja na ile blogu ya WordPress ambayo haijasasishwa tangu aliyeitengeneza aache kazi. Iache kuki ya kuingia ibaki kwenye app peke yake.

Na siku mfumo unapofungwa, futa rekodi kwanza, kisha ndipo uzime VPS. IP uliyoiachia hupewa mteja mwingine, na rekodi ikibaki, huyo asiyejulikana anaweza kuomba cheti halali na kufungua ukurasa wa kuingia wenye jina la mteja wako. Pitia zoni za wateja unaowahudumia; rekodi za test, demo na staging ndizo huwa zimesahaulika zaidi.