Kuiongezea Monita ya Apple II amri ya kutafuta, kwa baiti 21

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama kuna namna ya kuifanya Monita ya kompyuta ya zamani ya Apple II (programu ndogo iliyomo ndani ya mashine, ya kuangalia na kubadili kumbukumbu) itafute kitu ndani ya kumbukumbu, na kama ni lazima uandike programu nzima ya kusaka hitilafu ili upate hilo moja tu. Hilo la pili achana nalo. Monita imeachiwa mlango maalumu wa kuiongezea amri, na kazi unayoitaka inaenea kwenye baiti 21. Rutini (kipande kidogo cha programu) nitakayokupa naitumia kwenye Apple II Plus ya 48K, na imeniokolea saa nyingi kuliko programu yoyote kubwa niliyowahi kuandika kwa mashine hiyo.

Kwanza tuelewane hali ilivyo. Ukiwa BASIC, CALL -151 inakupeleka kwenye Monita, unaona nyota. Hapo unaweza kuonyesha kumbukumbu, kuibadili, kuihamisha kwa M, kulinganisha vipande viwili kwa V, na kusoma msimbo kwa L. Kwenye Plus, kutafuta hakumo. Plus ilipotoka mwaka 1979 na ROM (kumbukumbu ya kudumu isiyofutika) yake ya Autostart, hata amri za S na T za kupitia programu agizo kwa agizo ziliondolewa, na asembla ndogo (inayogeuza maagizo unayoandika kuwa baiti) ikabaki kwenye ROM za Integer BASIC. Ndiyo maana hapa chini nimeweka baiti zenyewe, uziingize kwa mkono. Kama una IIe iliyoboreshwa ya 1985, asembla ndogo imerudishwa, andika alama ya mshangao (!) ukiwa kwenye Monita, utaipata.

Mlango ninaousema ni Ctrl-Y. Monita ikiikuta kwenye mstari wako inaruka hadi anwani $3F8 (alama ya $ ni ya namba za heksadesimali, yaani za msingi wa 16), ambapo kuna nafasi ya agizo moja la JMP, la kuruka. Rutini yako ikimaliza kwa RTS, agizo la kurudi, unarudi kwenye nyota kana kwamba amri hiyo ilizaliwa na mashine. Tena kabla ya kuruka, Monita inakuwa imeshakusomea namba zote. Ukiandika

FDED<800.1FFF

kisha Ctrl-Y (haitaonekana kwenye skrini) na RETURN, namba iliyo kabla ya alama ya < inawekwa kwenye $42 na $43, anwani ya kuanzia iko $3C na $3D, ya mwisho iko $3E na $3F. Huna haja ya kuandika hata agizo moja la kusoma heksadesimali.

Hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. 6502, yaani prosesa ya mashine hii, huhifadhi anwani kwa kutanguliza baiti ya chini. Programu inayoita rutini ya kuchapa herufi iliyoko $FDED ina baiti 20 ED FD. Na Monita nayo, ikipokea FDED, inaweka ED kwenye $42 na FD kwenye $43. Mpangilio ni uleule! Kwa hiyo unalinganisha baiti mbili moja kwa moja, hakuna kugeuza chochote, na unapata kila mahali programu inapoitaja anwani hiyo, iwe kwa JSR (kuita rutini), JMP au STA (kuhifadhi baiti). Mtu anayechambua programu ya zamani isiyo na maelezo, swali lake la kwanza huwa hilohilo: nani anagusa anwani hii?

Hii hapa:

0300: A0 01      LDY #$01
0302: B1 3C      LDA ($3C),Y
0304: D9 42 00   CMP $0042,Y
0307: D0 06      BNE $030F
0309: 88         DEY
030A: 10 F6      BPL $0302
030C: 20 92 FD   JSR $FD92
030F: 20 BA FC   JSR $FCBA
0312: 90 EC      BCC $0300
0314: 60         RTS

Kuiingiza, ukiwa kwenye nyota:

300:A0 01 B1 3C D9 42 00 D0 06 88 10 F6 20 92 FD 20 BA FC 90 EC 60
3F8:4C 00 03

Ukishamaliza andika 300L uhakiki mstari kwa mstari kabla ya kuijaribu. CMP imeandikwa kwa baiti tatu kwa sababu 6502 haina CMP (agizo la kulinganisha) ya ukurasa wa sifuri (baiti 256 za kwanza za kumbukumbu) inayotumia Y, ambayo kama A na X ni rejista, yaani kisanduku kidogo ndani ya prosesa. Tumelazimika kutumia anwani kamili.

Angalia jinsi tulivyoandika kidogo. Rutini ya $FD92 inashuka mstari mpya, inachapa anwani iliyopo $3C na $3D, kisha kistari. Ya $FCBA inalinganisha mahali tulipo na mwisho wa eneo, halafu inasogeza mbele hatua moja. Biti C ya prosesa, inayobeba jibu la ulinganisho huo, ikiwa sifuri, safari bado inaendelea. Hizo mbili ndizo Monita inazitumia kwa kazi zake yenyewe. Ukitaka kuchapa baiti yoyote kwa heksadesimali, iweke kwenye A uite $FDDA. Herufi moja, ita $FDED, ila iwe na biti ya juu kabisa: nafasi ni $A0, si $20, la sivyo herufi zitatokea zimegeuzwa rangi au zinamwekamweka.

Sasa mambo yaliyonigharimu, maana kuazima rutini za mwenyeji kuna masharti yake. Kila moja ina vitu inavyovichukua bila kuvirudisha. Nilitaka kuhesabu mara ngapi kitu kimepatikana, nikaweka hesabu kwenye X. Ikawa inanipa namba za ajabu. $FD92 hupakia baiti ya chini ya anwani kwenye X kabla ya kuichapa, basi hesabu yangu ilikuwa anwani ya mwisho jumlisha moja! Sasa hesabu naiweka $08, ambayo Monita haiigusi, naongeza kwa INC.

La pili ni kubwa zaidi: usitafute kuanzia 0 hadi FFFF. Mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza. Spika ikatoa mlio, skrini ikajaa takataka, kiendesha diski kikaanza kuzunguka. Kwenye Apple II, eneo la $C000 hadi $C0FF si kumbukumbu. Ni swichi, na kuisoma swichi ni sawa na kuibonyeza. Rutini ilipopita $C030 iligusa spika. Ilipopita $C055 iliigeuza skrini ionyeshe ukurasa wa pili, yaani yaliyomo $800 na kuendelea. Ilipofika $C0E9 iliwasha mota ya kiendesha diski kilichoko sloti ya 6, na $C0EF ikakiweka kidhibiti chake katika hali ya kuandika. Hakukuwa na diski ndani, na nashukuru. Kwenye mashine ya 64K ni vingine: kusoma $C080 kunaiondoa ROM na kuleta RAM (kumbukumbu ya kawaida inayoandikika) mahali pake, hivyo JSR inayofuata inaweza kwenda pasipo na kitu. Ishia BFFF, kisha kama unahitaji kuichunguza ROM anza upya D000.FFFF.

La tatu lilinikalisha jioni nzima, na sijaona likielezwa mara nyingi. Nilikuwa nimeweka BRK (agizo la kusimamisha) katikati ya programu ili isimame nione rejista. Ilisimama vizuri, A ikiwa 41. Nikatafuta kitu kwa Ctrl-Y, nikarudi, nikaangalia rejista kwa Ctrl-E: A ni FD. Nikaiendeleza programu kwa G, ikaharibika. Nikadhani kosa liko kwenye programu, kumbe ni mimi. Programu inaposimama, Monita huhifadhi A kwenye $45. Lakini alama ya < inanakili namba yako sehemu mbili, $42 na $43, na pia $44 na $45. FD ya FDED ilikuwa imekaa juu ya A iliyohifadhiwa! Hili hutokea kabla rutini yako haijaanza, kwa hiyo huwezi kulizuia kutoka ndani.

Dawa yake ni kuacha kutumia < wakati programu imesimama kwenye BRK. Badili baiti moja ya rutini, ile inayofuata D9, ili isome $06 badala ya $42, na kitafutwacho ukiweke hapo mwenyewe ukitanguliza baiti ya chini:

305:06
06:ED FD
800.1FFF

na Ctrl-Y mwishoni mwa mstari wa tatu. Alama ya nukta mbili haigusi $45, hivyo rejista zinabaki salama. Na kama umeshaiharibu A, bonyeza Ctrl-E na RETURN, kisha andika :41, itarudi ilivyokuwa.

Mahali pa kuiweka: $300 hadi $3CF ni huru. Kuanzia $3D0 DOS (programu ya kuendesha diski) ina vitu vyake, usipande huko isipokuwa zile baiti tatu za $3F8. Kuhifadhi kwenye diski, BSAVE TAFUTA,A$300,L$15. Kwenye kaseti, 300.314W. Baiti za $3F8 haziingii humo, ziandike upya kila unapowasha mashine.