Pasta, nikikosa kutoa sadaka inayouma, Mungu atanipenda kweli?

SWALI: Bwana asifiwe pasta. Mimi nauza viazi karai hapa Kongowea. Kanisani tuliambiwa Mungu alimtoa Mwanawe wa pekee, kwa hivyo na sisi tutoe kitu kinachouma ndio ionekane twampenda. Nikatuma karo yote ya mtoto kwa M-Pesa. Sasa mtoto yuko nyumbani, mume haniongeleshi, na bado nahisi sijatoa ya kutosha. Hii ndiyo dhabihu?

JIBU: Asifiwe sana dada, na pole kwa hayo ya nyumbani. Hapana, siyo.

Hiyo ya Mungu kumtoa Mwanawe ni kweli, ni Yohana 3:16, shida ni pale ilipogeuzwa ikawa deni lako. Soma 1 Yohana 4:10, "si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi", yaani pendo lilitangulia msalaba ukafuata, na Paulo kwa Warumi 5:8 asema Kristo alikufa sisi tungali wenye dhambi, hapo hakuna aliyekuwa ametoa hata ndururu. Sasa mtu ashakupenda hivyo, utamlipa nini ndio aanze kukupenda? Waebrania 10 yasema makuhani walikuwa wakisimama kila siku kutoa dhabihu zile zile, lakini Kristo alitoa moja tu, akaketi. Ameketi dada! Hangoji karo ya mtoto wako ndio amalizie.

Najua utaniuliza, na yule mjane maskini aliyetoa senti mbili, zote alizokuwa nazo, Yesu akasema ametoa kuliko wote, je? Haya fungua Marko 12. Wahubiri wengi huanza mstari wa 41 wakauruka wa 40 (sijui kwa nini, ama najua), na hapo kwa 40 Yesu ametoka tu kuwasema waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tena mjane alitoa chake mwenyewe, lakini karo ilikuwa ya mtoto. Wale wa Marko 7 waliowanyima wazazi wao ati mali ni Korbani, ishawekwa wakfu, Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu.

Hata Torati haikumkaba maskini, Walawi 5 yasema asiye na kondoo alete hua wawili, asiye na hua alete unga kidogo, basi.

Sisemi usitoe, kutoa ni kuzuri. Lakini hili lako, nenda na mumeo kwa wazee wa kanisa muwaeleze ile pesa ilikuwa karo, muulize kama yaweza kurudi hata nusu. Wakikwambia unamwibia Mungu, wasomee 2 Wakorintho 8:12, mtu hutoa kwa kadiri ya alivyo navyo. Na kesho asubuhi kabla hujawasha jiko pitia shuleni, umuombe mwalimu mkuu ulipe pole pole mtoto akiwa darasani.