Jibu: Ghorofa za gharama nafuu nyuma ya nyumba zetu, tuhoji nini kwenye michoro?

Mkuu, umeeleza kwamba kwenye kiwanja cha nyuma yenu, kama mita za mraba 6,000, yanajengwa majengo matatu ya ghorofa tano, nyumba 96 za gharama nafuu, na mtaa umepewa wiki chache kupeleka maoni. Umeuliza ni mambo gani ya usanifu yenye uzito na yapi ni kupoteza muda. Nitajibu kwa kirefu, maana kwenye miradi ya aina hii majirani wengi hushindwa wakiwa na hoja za kweli kabisa, ila hazina vipimo.

Kwanza ondoeni yasiyofaa. Barua inayohoji ni watu gani watahamia, au inayosema hadhi ya mtaa itashuka, itawekwa kando, na ni haki iwekwe kando. Hao watu wanahitaji pa kuishi na kesho watakuwa majirani zenu. Hata "punguzeni idadi ya nyumba" huwa ombi dhaifu, kwa sababu kinachowaumiza ni umbo la jengo na mahali lilipokaa. Mwaka 1999 jopo la miji la Uingereza chini ya msanifu majengo Richard Rogers lilionyesha kwa michoro kwamba nyumba 75 kwa hekta zinaweza kukaa kwenye mnara mmoja, kwenye safu za nyumba fupi, au kwenye majengo ya kimo cha kati yaliyozunguka ua. Idadi ni ile ile, lakini jirani anaishi maisha tofauti kabisa. Karl-Marx-Hof, mradi wa makazi ya umma wa Vienna, Austria, uliokamilika 1930, una nyumba zaidi ya 1,300, na majengo yenyewe yamekalia chini ya asilimia 20 ya kiwanja. Kwa hiyo ombeni umbo libadilike, idadi iachwe ilivyo, na mtasikilizwa.

Sasa michoro. Zile picha za rangi zenye miti mikubwa na watoto wanaocheza hazina kazi kwenu. Ombeni mchoro wa kiwanja wenye vimo vya ardhi, mchoro wa mifereji na mabomba ya maji taka, na mchoro wa mkato (unaoonyesha jengo na ardhi kama vimekatwa wima kwa kisu) unaovuka mpaka na kuingia kwenye viwanja vyenu, nyumba zenu zikiwa zimechorwa kwa kimo chake halisi. Huo wa mwisho mara nyingi haupo: mkato huishia kwenye ukuta wa mpaka, na kila tatizo linaanzia hapo ulipoishia.

Anzeni na usawa wa sakafu ya chini. Jengo linaitwa la mita 15, lakini mita 15 kutoka wapi? Ili maji taka yatiririke yenyewe hadi bomba la barabarani bila pampu, mhandisi hupandisha sakafu, na kiwanja hujazwa kifusi. Ikipanda mita 1, jengo ni la mita 16 mkiliangalia kutoka kwenu, na ukuta wenu wa mpaka wa mita 1.8 unabaki sentimita 80 kwa mtu aliyesimama upande wa pili. Anaona ua wote akiwa anatembea tu. Ubaya zaidi ni kwamba kile kifusi sasa kinaegemea ukuta uliojengwa kuwa uzio. Ukuta wa tofali la sentimita 15 haukukusudiwa kuzuia udongo. Msukumo wa udongo hukua kwa mraba wa kina: nusu mita ikiwa mita 1, nguvu inakuwa mara nne. Mvua ikiloweka kifusi na ukuta hauna matundu ya kutolea maji, msukumo wa maji unaongezeka juu ya ule wa udongo, na ukuta unatoa tumbo, unapasuka usawa wa chini, kisha unalala upande wenu. Dai hapa ni fupi: kifusi kisiguse ukuta wa mpaka, kama lazima ardhi ipande, wajenge ukuta wao wa kuzuia udongo ndani ya kiwanja chao, wenye kokoto nyuma yake, matundu, na bomba la kukusanya maji.

Mwanga una kanuni ambayo kila mtu anaweza kuitumia kwa futi na kikokotoo, nayo inatumiwa sana Uingereza. Chukua katikati ya dirisha lako la chini, chora mstari unaopanda digrii 25 kuelekea jengo jipya. Jengo likibaki chini ya mstari, mwanga wako haujaguswa sana. Likiuvuka, waombeni wafanye hesabu kamili ya mwanga. Kwa vipimo: toa kimo cha katikati ya dirisha kwenye kimo cha jengo, zidisha kwa 2.14. Jengo la mita 15 na dirisha la mita 1.5 ni 13.5 mara 2.14, karibu mita 29. Hapo ndipo utaona kwa nini ahadi ya "tumerudisha ghorofa ya juu nyuma kwa mita 1.5" haina maana yoyote. Ghorofa moja ya mita 3 inahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita 6 ndipo isivuke mstari ule ule. Chini ya hapo ni pambo. Kushusha usawa wa sakafu kwa mita 1 kunawapa faida ya mita 2 za umbali, na mara nyingi ni rahisi kuliko kukata ghorofa.

Paa nalo lina mchango. Mradi wa Goldsmith Street huko Norwich, nyumba za halmashauri ya mji huo wa Uingereza zilizopata tuzo ya usanifu ya Stirling 2019, una mitaa ya mita 14 tu kati ya safu na safu, lakini mteremko wa paa ulipangwa ili safu moja isizibe jua la safu ya nyuma yake. Ukingo wa paa uliosimama wima mita 1.2 upande wenu unaweza kubadilishwa kuwa mteremko bila kupoteza hata chumba kimoja.

Kivuli ni jambo tofauti na mwanga, msiyachanganye kwenye barua. Jua likiwa digrii 45 juu, kivuli cha jengo ni sawa na kimo chake. Digrii 30, mita 15 zinatoa kivuli cha mita 26. Digrii 20, mita 41. Karibu na ikweta kivuli cha mchana ni kifupi, na anayeumia ni jirani wa magharibi asubuhi na wa mashariki jioni. Kwenye latitudo 50 katikati ya majira ya baridi, jua la adhuhuri halifiki digrii 17, na jengo lile lile linatupa kivuli cha mita 50 hivi. Ombeni vivuli vya 21 Machi, 21 Juni na 21 Desemba, kila saa mbili kuanzia asubuhi. Mkipewa picha ya saa sita mchana peke yake, rudini kuomba zilizobaki.

Kuhusu kuchunguliwa, Uingereza imezoea mita 18 hadi 21 kati ya madirisha ya vyumba yanayotazamana. Umbali usipopatikana, kuna dawa kwenye mpangilio wa ndani: ngazi, mabafu na stoo ziwekwe upande wenu, sebule na roshani zigeukie ua wao. Dirisha la jikoni linaweza kuwa na ukingo wa chini kwenye mita 1.7, juu ya macho ya mtu mzima. Ila msidai kioo cha ukungu kwenye dirisha pekee la chumba cha kulala. Mtoto atalala humo miaka yote na hastahili kutazama ukungu kwa sababu ya ua wenu. Bora dirisha lichongwe kwa pembe, au chumba kihamishwe.

Maji ya mvua ndiyo ningeyapa kurasa nyingi kuliko yote, kwa sababu yakikosewa yanakuja sebuleni kwenu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja kwenye mita za mraba 6,000 ni mita za ujazo 300. Kiwanja kikiwa majani na udongo, tuchukue robo inakimbia juu ya ardhi: 75. Kikiezekwa na kusakafiwa, asilimia 85 inakimbia: 255. Tofauti ni mita za ujazo 180 ndani ya saa moja, na mtaro wa barabara yenu haukuongezwa upana. Swali la kuuliza kwa maandishi ni hili: hizo 180 zinakaa wapi, na zinatolewa kwa kasi gani? Tangi la chini lenye urefu wa mita 10, upana 6 na kina 3 ndilo linazibeba. Wakisema maji yatazama ardhini, ombeni matokeo ya jaribio: shimo lichimbwe kwenye kina halisi, lijazwe maji zaidi ya mara moja, na kasi ya kushuka iandikwe. Kwenye mfinyanzi maji hukaa siku nzima bila kwenda popote, na shimo la kuzamisha linageuka bwawa. Angalieni pia mpaka wa upande wa chini: uzio mpya usio na matundu huzuia njia ya maji ya zamani na kuyapeleka kwa jirani ambaye hakuwahi kufurikiwa.

Maji taka ni hesabu ya kuzidisha. Nyumba 96 kwa watu 4, lita 120 kwa mtu kwa siku, asilimia 80 inarudi kama maji taka: karibu mita za ujazo 37 kila siku. Kama kuna bomba kuu, ulizeni kipenyo chake na chemba ipi wataunganisha, kisha muifungue chemba hiyo asubuhi watu wanapooga. Ikiwa bomba limeshajaa kupita nusu, andikeni na mpige picha. Kama hakuna bomba na wanapendekeza mashimo ya kunyonywa, gari la mita za ujazo 10 litakuja karibu mara nne kwa siku, kila siku. Hilo peke yake linatosha kuomba mtambo wa kusafisha maji taka, na uwe mbali na madirisha ya pande zote mbili.

Taka ngumu husahauliwa hadi pipa la kwanza linapomwagika. Kipimo kimoja cha Uingereza ni lita 30 kwa nyumba, jumlisha lita 70 kwa kila chumba cha kulala, kwa wiki. Nyumba 96 za vyumba viwili ni lita 16,320, yaani mapipa 15 ya lita 1,100, au 8 taka zikizolewa mara mbili kwa wiki. Pimeni kibanda cha taka kwenye mchoro: kila pipa lina upana wa karibu mita 1.4. Kisipotosha, taka zitakaa nje ya kibanda, na kibanda karibu kila mara huwekwa kwenye mpaka wa jirani.

Magari nitayapitia haraka. Hesabuni nafasi tupu za maegesho barabarani usiku wa manane, siku mbili za kazi, umbali wa mita 200 kwa miguu. Hesabu hiyo ina nguvu kuliko malalamiko ya ukurasa mzima. Gari la zimamoto linahitaji barabara ya mita 3.7 na geti la mita 3.1 kwa viwango vya Uingereza, na sehemu ya kugeuzia kama njia isiyo na pa kutokea mbele ina zaidi ya mita 20. Kwa jenereta na pampu, kila umbali unapoongezeka maradufu kelele hupungua desibeli 6 hivi. Kutoka mita 5 hadi 20 mnapata punguzo la desibeli 12. Rangi ya kuta achaneni nayo.

Jambo ambalo majirani hawaliulizi, na lina uzito sawa na kimo: nani atatunza, kwa fedha ipi? Pruitt-Igoe, mradi wa makazi ya umma wa St. Louis, Marekani, ulikuwa majengo 33 ya ghorofa 11, karibu nyumba 2,870. Ili kubana gharama, lifti zilisimama ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu, na matunzo yalitegemea kodi za wapangaji. Wapangaji walipopungua, fedha za matunzo zikapungua nazo, na ubomoaji ukaanza 1972. Tangi la mvua lisilozolewa matope linajaa. Pampu isiyo na ya akiba ikifa, maji taka yanapanda kwenye chemba. Ombeni mpango wa matunzo uambatane na michoro.

Namna ya kuandika: kila hoja na ukurasa wake, namba ya mchoro, kipimo mlichopima, na badiliko mnalotaka. Barua mia zenye maneno yale yale huhesabiwa hoja moja. Afadhali nyumba tano zilizo mpakani, kila moja na vipimo vya dirisha lake. Pelekeni mapema, kabla michoro ya nguzo na misingi haijaanza, kwa sababu baada ya hapo kusogeza jengo mita 2 ni kuchora upya kila kitu.

Mkikubaliwa, msiridhike na kauli ya mkutanoni. Badiliko liingie kwenye masharti ya kibali na kwenye michoro ya zabuni, kwa maneno kama "tangi la mita za ujazo 180 likamilike na kukaguliwa kabla ya mtu wa kwanza kuhamia". Fedha zikibana, vinavyokatwa kwanza ni miti, tangi, na vizuizi vya roshani vya kuzuia kuchungulia, mara nyingi vile vile mlivyopigania.

Na kabla mtambo wa kuchimba haujafika, pigeni picha zenye tarehe za kila ufa ulioko sasa, rula ikiwa pembeni yake, ndani na nje, na nakala moja apewe mkandarasi asaini. Kutoka ukingo wa chini wa msingi wenu, chora mstari unaoshuka digrii 45 kuelekea kwao: uchimbaji wowote unaoukata huo mstari unahitaji mchoro wa mhandisi wa kushikilia udongo, na uchimbwe kwa vipande vya kama mita 1, kimoja kikijengwa kabla cha jirani yake hakijafunguliwa. Ukiweka hapa mchoro wa kiwanja wenye vimo, ukiwa umefuta majina ya watu, naweza kukuonyesha mkato upi wa kuomba.